Tangazo Nililolisahihisha

Mmeniomba, ninyi mnaosambaza habari kwa simu, niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukitoa magazeti kabla ninyi hamjazaliwa, mkaniletea na orodha ya maswali: mashine zilikuwaje, nani alisambaza, tulijifunzia wapi. Nimeisoma hapa barazani kwangu Oli, mjini Arua, mara mbili. Nitajibu, lakini si kwa mpangilio wenu. Nilikuwa msahihishaji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na msahihishaji akistaafu hakumbuki kurasa zilizotoka vizuri. Anakumbuka makosa.

Nianze na rangi ya kucha. Mzee Ezati, aliyeanzisha magazeti yetu, alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu mkimya aliyefunga vifungo vya shati hadi shingoni hata wakati wa joto kali. Kila mwezi alikwenda sokoni Arua kununua chupa mbili za rangi ya kucha, nyekundu. Wanawake wa sokoni walimngoja.

"Mzee Ezati! Mama nyumbani iko na bahati!"

"Hii iko ya kazi," alijibu, nao wakazidi kucheka.

Ilikuwa ya kazi kweli. Tulikuwa tukipiga taipu juu ya stensili, karatasi yenye nta ambayo kila herufi huitoboa ili wino upite. Ukikosea herufi, unapaka rangi ya kucha juu ya tundu, unapuliza, unangoja ikauke, ndipo unapiga herufi nyingine. Siku yenye makosa mengi ofisi nzima ilinuka kama saluni. Ninyi leo mnafuta kwa kidole na hakuna anayesikia harufu yoyote. Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema tu kwamba sisi tulilazimika kukaa na kosa letu mpaka likauke.

Magazeti yalikuwa manne na yote yaliitwa *Kengele*: Kengele ya Arua, ya Koboko, ya Yumbe na ya Nebbi. Mzee Ezati alianza na la Arua peke yake, watu walipokuwa wakirudi kutoka Kongo na Sudan baada ya vita kutufukuza. Alikuwa karani wa shule zamani, akaokota mashine ya kurudufu iliyotupwa bila mpini, akamwomba fundi wa baiskeli amtengenezee mpini mwingine. Miji mingine ilipoomba gazeti lake, alifanya hivi: ukurasa wa kwanza na wa mwisho ulikuwa wa mji wenyewe, za ndani tukazitumia wote. Siku ya kutoa gazeti tulikunja karatasi sakafuni tukiwa tumekaa kwenye mikeka, tukafunga kila bunda ndani ya kavera mbili, mifuko ya plastiki, kwa sababu ya mvua, na lori la kwanza la asubuhi likayachukua.

Koboko hatukuwa na ofisi. Tulikuwa na baraza la fundi Rajabu. Rajabu alikuwa Mnubi, babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudan, na yeye alishona kanzu na sare za shule karibu na soko. Alikusanya habari huku akipima watu. "Mutu ukimupima kiuno," aliniambia, "hawezi kukudanganya sana. Anasimama tu, anasema yote." Aliandika kwa penseli kwenye karatasi ile ile ya kukatia vitambaa, kwa herufi kubwa tupu kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, kwa sababu herufi ndogo hakuwahi kuzipenda. Habari zake zilinifikia Arua zikiwa na alama za chaki na vipande vya uzi.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na safu iliyoitwa "Nani Amemwona?" Huo ndio ukurasa uliotufanya tununuliwe. Wakati wa kukimbia watu walipoteana njiani. Mimi mwenyewe nilivuka kuingia Kongo nikishika mkia wa mbuzi wa jirani, kwa sababu mama alikuwa na mizigo mikono yote miwili na alisema nisimwachie mbuzi yule kwa lolote. Mbuzi na mimi tulifika. Wengine hawakufika. Miaka sita, saba baada ya kukimbia, bado kulikuwa na wazazi waliokuwa wakitafuta. Walikuja kwetu, nasi tukaandika. Safu hiyo tuliiandika kwa Kiswahili, si kwa Kilugbara wala Kiingereza, kwa sababu gazeti lilivuka mpaka na wafanyabiashara, na kule sokoni Ariwara, upande wa Kongo, Mkakwa, Mlugbara, Mnubi na Mkongo walielewana kwa Kiswahili.

Kiswahili hicho kilikuwa kazi yangu, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa.

Baba yangu aliwahi kufanya kazi ya reli Tabora. Nilisomea kule mpaka darasa la saba, nikarudi kwetu West Nile na Kiswahili kilichonyooshwa kwa rula ya mwalimu. Nilikionea fahari. Watu wa kwetu waliposema "mutoto yangu iko," niliumia sikio. Rajabu alipoleta tangazo, nilishika kalamu nyekundu kwa furaha ambayo leo naionea aibu. Niliondoa kila "iko". Niliweka "wangu" mahali pa "yangu". Mzee Ezati aliwahi kunitazama nikifanya hivyo akaniita kwa jina langu, akasema, "Leta, ulimuuliza mwenyewe kama ndiyo alisema hivyo?" Nikamjibu kwamba mwenyewe yuko Koboko, na kwamba maana ni ile ile. Alikuwa na desturi yake, kwamba tangazo lisomwe mbele ya mwenye nalo kabla ya kuchapwa. Mimi niliona desturi hiyo ni ya watu wa Arua wanaoweza kuja ofisini kwa miguu.

Siku moja ikaja karatasi ya Rajabu iliyosema hivi: MUTOTO YA MAMA KIDEN ALIPOTEA NJIA YA KONGO WAKATI YA KUKIMBIA. UMRI MIAKA INE. IKO TAABU. JINA YA KANISA YOHANA. IKO NA ALAMA YA MOTO MUGUU YA KUSHOTO.

Niliandika: "Anatafutwa Yohana, mtoto wa Mama Kiden wa Koboko, aliyepotea njiani wakati wa kukimbilia Kongo akiwa na umri wa miaka minne, naye alikuwa taabani. Ana kovu la moto mguu wa kushoto."

Nakumbuka nilivyoisoma sentensi hiyo kwa sauti. Nilimhurumia yule mtoto mgonjwa. Nilifikiri pia kwamba nimeandika vizuri.

Gazeti lilitoka. Rajabu alimwonyesha Mama Kiden tangazo kwa kidole, "Hii hapa," naye ambaye hakujua kusoma akalikunja, akaliweka ndani ya kopo la majani ya chai, akaanza kungoja.

Alingoja miezi kumi na moja.

Mliniuliza magazeti yalikufaje, na nitawajibu hapa hapa nisije nikasahau. Hayakufa siku moja. Stensili zilikwenda, ikaja mashine ya kuchapa ya kweli, kisha kompyuta mbili zilizozimika kila umeme ulipokatika. Mzee Ezati alifariki. Redio za FM zilianza kutangaza vifo na harusi siku ile ile, sisi tukiwa wa kila wiki. Nebbi ilifungwa kwanza, kisha Yumbe, kisha Arua. Koboko ilidumu kuliko zote kwa sababu ya ukurasa wa tatu. Wakimbizi wa Sudan Kusini walipomiminika, tuliirudisha "Nani Amemwona?" kwa herufi kubwa, na watu walikuja wakapanga foleni kama ile ya zamani. Halafu simu zikafika mikononi mwa wote, na picha ya mtoto ikawa inazunguka kambi tatu kabla mimi sijatafuta miwani. Sikulia. Kazi yenyewe ilikuwa ikiendelea, mikono tu ndiyo ilibadilika. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoifanya sasa.

Nirudi kwa Mama Kiden.

Alikuja ofisini Arua mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kijani, ameshika kopo la majani ya chai. Mume wake alikuwa amelazwa hospitalini mjini, kifua. Nilimpa kiti na maji.

"Mwalimu," alisema, maana watu waliniita hivyo, "nimekuja kuuliza ile tangazo. Baba Kiden kila siku anauliza. Anasema, gazeti imesema nini?"

Nikamwambia hakuna aliyejibu, lakini tunaweza kulitoa tena. Nikalichukua gazeti kutoka kwenye kopo lake. Sijui kwa nini siku ile nilimsomea. Labda kwa sababu alikuwa amekaa mbele yangu na sikuwa na la kumwambia. Nilisoma taratibu mpaka mwisho.

Akaniuliza, "Sasa jina yake iko wapi?"

"Yohana. Hapa mwanzo."

"Hiyo ya kanisa. Mutoto ya miaka ine anajua ya kanisa? Jina yake ya nyumbani."

"Halikuandikwa, mama."

"Ile fundi aliandika. Mimi nilisema, yeye aliandika, nikaona mukono yake inaandika. Taabu. Mutoto iko Taabu. Nilimuzaa wakati ya taabu, baba yake akamuita hivyo."

Nilirudi kwenye ile sentensi, nikaliona neno langu, taabani, limekaa pale mahali pa mtoto wa mtu. Mama Kiden alikuwa akinitazama usoni, na nadhani alielewa kabla sijasema chochote.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyekosea. Nilifikiri unasema alikuwa mgonjwa."

Hakupiga kelele. Alichukua gazeti lake, akalikunja kwa mikunjo yake ile ile, akalirudisha kwenye kopo. "Haikuwa mugonjwa," alisema. "Ilikuwa na mafuta. Nilichoka kuibeba."

Alipoondoka kwenda hospitalini nilikaa na Mzee Ezati nikampa rai yangu. Tulitoe tangazo tena wiki hii, jina likiwa sahihi, ukurasa wa tatu kama kawaida. Hakuna haja ya kuwatangazia watu kwamba tulikosea, wataacha kutuamini, na wapo wanaotafuta bado.

"Wale walisoma ya kwanza," aliniuliza, "watajua aje kwamba ni mutoto moja?"

Aliendelea mwenyewe.

"Kama mutu alisikia ile ya mugonjwa, akasema huyu si yule tunajua, leo akisikia nyingine atasema ni mutoto ingine. Lazima useme ile iliharibika." Kisha akasema, bila ukali, "Ukurasa ya kwanza. Magazeti yote ine. Na utaandika wewe, na jina yako."

Nililia. Sikulia kwa ajili ya Taabu, niwaambie ukweli, nililia kwa ajili ya jina langu kuonekana Nebbi na Yumbe kwa watu waliokuwa wakiniita mwalimu. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Mzee Ezati alinisogezea chupa ya rangi ya kucha na stensili mpya, akatoka nje aniache.

Niliandika: "TULIKOSEA. Mwaka jana tulitangaza kwamba mtoto wa Mama Kiden wa Koboko alikuwa taabani. Hakuwa mgonjwa. Taabu ni jina lake, na ndilo alilolijua alipopotea. Sasa ana kama miaka kumi na miwili. Ana kovu la moto mguu wa kushoto. Kosa si la mama wala si la fundi aliyeandika. Ni la msahihishaji, Leta. Anayemjua Taabu alete habari kwa fundi Rajabu, Koboko."

Nilipanda lori na mabunda ili nimsomee mama mwenyewe kabla ya gazeti kuuzwa. Rajabu alisimamisha cherehani aliponiona. Nilimweleza. Alishika kichwa.

"Mimi niliona ile taabani," alisema. "Wallahi niliona. Nikafikiri ndiyo Kiswahili ya Tabora, kwamba huko Taabu wanaandika hivyo. Nikasema, mwalimu anajua."

Wanangu, hilo liliniuma kuliko kulia kwangu kote. Mtu aliyejua ukweli aliuona uongo wangu akaupisha, kwa sababu nilikuwa nimemzoesha kwamba Kiswahili chake ni kibovu na changu ndicho chenye kujua.

Baba Kiden alikuwa amerudishwa nyumbani kwa gari. Niliwasomea wote wawili, yeye akiwa amelala ubavu kwenye mkeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie lile neno. "Taabu," nikasema. Akatikisa kichwa kukubali. Alifariki wiki ya tatu baada ya siku hiyo.

Taabu alikuja wiki ya tano.

Alikuja amekaa nyuma ya baiskeli ya mwanamke wa Ariwara aliyeitwa Mama Furaha, muuza unga wa muhogo. Rajabu alinitumia neno kwa dereva wa lori nami nikaenda. Nilimkuta Mama Furaha ameketi barazani kwa Rajabu, mgongo wima, kama mtu anayesubiri hukumu. Alikuwa amemwokota mtoto kando ya barabara, akiwa anazunguka mti mmoja na kuita mama. Alimlea pamoja na watoto wake watatu. Nilimwuliza alisikiaje.

"Sokoni kuko mutu anasomea watu gazeti," alisema. "Ile ya kwanza nilisikia, mwaka ingine. Yohana, mugonjwa. Nikasema, si huyu wangu, alama ya moto iko na watoto wengi, huyu yeye alisema jina yake tu, Taabu, Taabu, na alikuwa anakula sana. Nikashukuru Mungu. Nilifurahi, mama, siwezi kukuficha. Halafu hii ya pili ikasema ile ya kwanza iliharibika. Nikarudi nyumba, nikamutazama analala. Wiki ine sikuambia mutu."

"Mbona umekuja?"

"Iliandika kwamba yule mama alisema vizuri tangu zamani, ni nyinyi muliharibu. Nikaona, huyu mama hana kosa."

Sikumwambia habari za Baba Kiden na zile wiki nne. Angezijua mwenyewe, na alizijua siku ile ile, na hilo ni lake. Langu ni miezi kumi na moja. Nimeihesabu kwa kila njia. Kama ningeliacha neno la Rajabu lilivyokuwa, au ningepanda lori siku moja tu kwenda kumsomea mama, yule baba angemwona mwanawe akitembea. Nimewahi kuambiwa na watu wema kwamba pengine tangazo lingepotea hata likiwa sahihi. Huenda. Lakini Mama Furaha alikuwa sokoni siku ile, na alisikia.

Tokea hapo, kwa miaka yote iliyobaki, sikupitisha tangazo bila kumwuliza mwenye nalo: nyumbani mnamwitaje? Nilisoma kila moja kwa sauti mbele yake, na kama yuko mbali, niliandika maneno yake kama yalivyotoka kinywani, pamoja na "iko" zake zote. Mwalimu wangu wa Tabora angenichapa. Mtu anapotafuta mtoto wake hajaja kwako kufundishwa lugha. Hata ninyi, mnaponyoosha sauti ya mtu ili ipendeze kwenye simu, mpigieni kwanza mmsomee. Ni dakika mbili.

Jambo la mwisho nililoliona kwa familia ile nitawaeleza lilivyokuwa, sina la kuongeza. Mama Kiden alimpokea Taabu bila vigelegele. Alimgeuza, akampandisha suruali mguu wa kushoto, akatazama kovu, akaishusha tena. Mvulana alikuwa mrefu, mwenye haya, Kikakwa hakijui tena, anasema Kiswahili cha Kongo na Kilingala. Alikuwa akimtazama Mama Furaha kila mara kama anayeomba ruhusa. Mama Kiden alimkalisha Mama Furaha kwenye mkeka wake mwenyewe, akampa maji ya kunawa. Kisha akaniambia, "Mwalimu, kuja na gazeti."

Tulikwenda sote nyuma ya nyumba, pale kaburi lilipokuwa, udongo bado mwekundu.

"Soma," alisema. "Baba yake alisikia ile ya kutafuta. Sasa asikie mutoto iko hapa."

Nilisimama nikasoma tangu "Tulikosea". Nilisoma habari za ugonjwa ambao haukuwapo. Nilisoma jina langu. Nilipofika mahali panaposema "Anayemjua Taabu alete habari," mvulana, ambaye nadhani hakujua anatakiwa kufanya nini, alijibu kama wanafunzi wanavyojibu mwalimu anapoita majina asubuhi.

"Niko."

Mama Furaha alifunika uso kwa kitenge. Mama Kiden aliinama, akaokota jani kavu lililokuwa juu ya kaburi, akalitupa kando, akajipangusa mikono.

"Haya," alisema, "twende. Chakula inapoa."